Mwezi Ukipatwa, Mwanamke Hana Kosa

(Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa chuo kikuu katika darsa la vijana baada ya futari)

Bismillahir Rahmanir Rahim. Himdi zote ni za Allah (S.W.), Muumba wa jua na mwezi, usiku na mchana. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba wake wote. Ama baad.



Mada niliyopewa ina mambo matatu ambayo watu wamezoea kuyafunga kamba moja: kupatwa kwa jua na mwezi, hedhi ya wanawake, na uchawi. Najua nikitaja hedhi mbele ya hadhara kuna watakaoinamisha vichwa. Msione haya. Bi Aisha (R.A.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuuliza mambo ya dini yao. Wao waliuliza mbele ya Mtume mwenyewe, sisi tutashindwa kuzungumza baada ya futari?

Na mimi ni binti yenu. Kama sitayasema mimi hapa, wadogo zangu watayasikia kwa mtu mwengine, na pengine watayasikia vibaya.

MANENO TULIYORITHI

Hebu tuanze na lugha yetu. Neno "mwezi" lina maana ngapi? Kuna mwezi ule wa juu tunaoungojea usiku wa mwandamo. Kuna mwezi wa kalenda, ule wa mshahara na kodi ya nyumba. Na kuna mwanamke kuwa "mwezini". Neno ni moja, na mtu akisikia neno moja kwa mambo matatu, ni rahisi kudhani mambo hayo yanavutana.

Halafu kuna neno "kupatwa". Mtu hupatwa na homa, hupatwa na msiba. Kwa hivyo tunaposema mwezi umepatwa, mtoto anauliza: umepatwa na nini? Basi anajibiwa kuna joka limeumeza, na watu wapige madebe na sufuria ili liuteme. Wengine wamesikia kwamba mama mjamzito asitoke nje, mtoto atazaliwa na mdomo uliopasuka. Wengine wanaambiwa ni kazi ya wachawi, usiku wao huo.

Na kwa hedhi pia ni hivyo hivyo. Kuna nyumba binti akiwa katika siku zake haguswi achari, ati itaoza. Kuna mahali haruhusiwi kupita katikati ya mboga shambani. Na kuna hofu moja ambayo wasichana wengi wa Afrika Mashariki wameilea kimyakimya: kwamba damu ile ikionekana, mchawi ataichukua aifanyie kazi, na msichana asizae tena.

Msidhani haya ni ya Waafrika tu, au ni ya nyanya zetu tu. Nataka niwapeleke mbali kidogo, kwa Wagiriki na Warumi, kwa sababu huko mambo haya matatu yaliwahi kufungwa pamoja waziwazi, na yakaandikwa vitabuni kama elimu.

MWANAMKE ALIYEUSHUSHA MWEZI

Katika karne ya kwanza Miladia kulikuwa na mwanachuoni wa Kirumi anayeitwa Pliny. Aliandika kitabu kikubwa kuhusu viumbe na maumbile. Humo akaeleza kwamba mwanamke mwenye hedhi akisogelea divai inachacha, mimea inakauka, kioo kinafifia, nyuki wanakufa mzingani. Tena akaongeza kwamba mambo haya yakikutana na kupatwa kwa jua au mwezi, madhara yake ndiyo hayana dawa kabisa. Huyo hakuwa mtu wa mtaani. Alikuwa msomi wa dola, na kitabu chake kilisomwa Ulaya kwa mamia ya miaka.

Kwa Wagiriki, jimbo la Thessaly lilijulikana kwa wanawake walioambiwa ni wachawi wenye uwezo wa kuuteremsha mwezi kutoka mbinguni. Mwandishi Plutarch anamtaja mmoja wao kwa jina, Aglaonike. Na hapa ndipo penye siri. Plutarch anasema mwanamke huyu alikuwa na elimu ya nyakati za kupatwa kwa mwezi. Alijua lini mwezi mpevu utaingia katika kivuli cha dunia. Basi kabla ya usiku huo anawaambia wanawake wenzake kwamba yeye ndiye anayeushusha mwezi. Usiku ukifika, mwezi unafifia kweli, unageuka mwekundu, na wote wanaamini.

Hakuwa na uchawi. Alikuwa na hesabu! Wengine hawakuwa nayo, na tofauti hiyo ikawa ndiyo nguvu yake. Kila mganga anayemtisha mtu leo anafanya biashara ile ile. Anakaa mahali ambapo wewe hujui, kisha anakuuzia hofu yako mwenyewe.

Mshikilieni Aglaonike akilini, kwa sababu sasa tunakwenda Madina.

SIKU YA MSIBA WA IBRAHIM

Mwaka wa 10 Hijria, Mtume (S.A.W.) alifiwa na mwanawe Ibrahim, aliyezaliwa na Bi Maria al-Qibtiyya. Alikuwa mtoto mdogo, hajatimiza hata miaka miwili. Mtume alilia. Siku hiyo hiyo jua likapatwa. Wataalamu wa falaki wakihesabu kurudi nyuma wanaiweka siku hiyo kuwa tarehe 27 Januari 632.

Watu wa Madina wakasema jua limepatwa kwa ajili ya kifo cha Ibrahim. Tuwaelewe, hawakusema kwa ubaya. Waliona kiongozi wao ana huzuni, na mbingu nayo imeingia giza, wakaunganisha. Fikirini sasa, kiongozi mwengine yeyote angefanya nini? Hata asingehitaji kusema uongo. Angenyamaza tu, na watu wangeondoka wakisema jua lenyewe limeomboleza pamoja na familia yake.

Mtume wetu hakunyamaza. Akiwa ndani ya msiba, na mtoto ndiyo kwanza amezikwa, aliwaswalisha watu swala ndefu, kisha akasimama akawaeleza kwamba jua na mwezi ni ishara mbili miongoni mwa ishara za Allah, hazipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Wakiona hali hiyo wamuombe Allah na waswali. Hadithi hii imepokewa na Bukhari na Muslim.

Sasa linganisheni. Aglaonike aliitumia hofu ya watu ajipatie heshima. Mtume (S.A.W.) alipewa heshima hiyo bure, akaikataa ili watu wasiingie katika hofu ya uongo. Ukitaka kujua kama mtu anakufundisha dini au anakuuzia ushirikina, tumia kipimo hicho. Je, ukitoka kwake unaogopa viumbe zaidi, au unamuogopa Allah peke yake?

ELIMU YA FALAKI NI YETU PIA

Kupatwa kwenyewe kunatokeaje? Chukua taa, chukua mpira, na kichwa chako kiwe ndiyo dunia. Mpira ukipita kati ya macho yako na taa, taa inazibwa. Hilo ni jua kupatwa. Mpira ukienda nyuma ya kichwa chako ukaingia katika kivuli chako, huo ni mwezi kupatwa. Hakuna joka.

Na mtu anayefuata kalenda ya Kiislamu ana faida kubwa hapa. Jua haliwezi kupatwa ila mwishoni mwa mwezi wa Kiislamu, karibu na mwandamo, kwa sababu ndipo mwezi unapopita upande wa jua. Na mwezi haupatwi ila katikati, siku za 14 au 15, unapokuwa mpevu. Mbona basi si kila mwezi? Kwa sababu njia ya mwezi imeinama kiasi cha digrii 5, kwa hivyo mara nyingi unapita juu kidogo au chini kidogo ya mstari.

Waislamu wa zamani waliyajua haya wakayatumia. Mwaka 997, al-Biruni akiwa Khwarezm na Abu al-Wafa akiwa Baghdad walipatana kuangalia kupatwa kwa mwezi mmoja, kila mtu na mji wake. Walipolinganisha saa zao, wakapata umbali wa miji hiyo kwa longitudo. Wenzetu wanapiga madebe, wao wanapima dunia!

Hapa kwetu tumeyaona kwa macho. Tarehe 15 Januari 2010, siku ya Ijumaa, Nairobi iliona jua limekuwa kama pete, mnamo saa mbili na nusu asubuhi. Tarehe 3 Novemba 2013, kivuli cha mwezi kilipita Turkana. Tarehe 7 Septemba 2025, mwezi uligeuka mwekundu juu ya Kenya kuanzia saa mbili na nusu usiku hadi karibu saa nne. Zote zilijulikana mapema, kwa tarehe na dakika. Je, uchawi wa mtu fulani wa kijijini unaweza kutangazwa miaka mingi kabla?

Tahadhari moja tu: usiliangalie jua lililopatwa kwa macho matupu. Linaunguza jicho, na miwani ya kawaida haitoshi, lazima iwe ile maalumu. Mwezi uliopatwa uangalie upendavyo. Na mama mjamzito hana la kuogopa katika mwezi uliopatwa, atoke nje aone ishara za Mola wake.

HEDHI SI KISIRANI

Nije kwa dada zangu. Mwezi wa mbinguni unazunguka kwa siku 29 na nusu hivi, ndiyo maana mwezi wetu ni siku 29 au 30. Mzunguko wa mwanamke mzima unaweza kuwa siku 21, unaweza kuwa 28, unaweza kufika 35, na yote ni afya. Kwa msichana anayeanza, unaweza kuyumba zaidi. Lau mwezi ndio unaoendesha damu hii, wanawake wote wa mtaa mmoja wangeingia hedhi siku moja. Si hivyo, na nyote mnajua. Inaendeshwa na homoni za mwili, Allah alivyoziumba.

Dini yetu imesemaje? Bi Aisha alipata hedhi njiani akienda Hija, akalia. Mtume (S.A.W.) hakumwambia ni mkosi. Alimliwaza kwamba hili ni jambo Allah amewaandikia mabinti wa Adam, akamwambia afanye yote anayofanya mwenye kuhiji isipokuwa kutufu. Tena imepokewa kwamba alikuwa akiegemea mapajani mwa Bi Aisha akisoma Qur'ani, naye yuko katika hedhi. Siku moja alimuomba ampe mkeka wa kuswalia, Bi Aisha akasema yuko katika hedhi, akamjibu kwamba hedhi yake haiko mkononi mwake.

Haiko mkononi! Basi achari inaozaje?

Sheria imeondoa swala na saumu kwa muda, na ikaamrisha saumu ilipwe baadaye. Hiyo ni hukumu, na hukumu haina aibu. Lakini angalieni majumbani mwetu mwezi huu wa Ramadhan. Dada anakunywa maji chooni kwa kificho. Anaamka kula daku na watu ili ndugu zake wasijue. Kijana wa kiume anamuuliza mbele ya watu, "Mbona leo hukuja taraweh?" Kaka zangu, wallahi hilo si swali la kuuliza. Mwenye akili anamwekea dada yake chakula jikoni, ananyamaza.

Na ile hofu ya mchawi kuchukua damu ina madhara ya kweli. Msichana anayetumia kitambaa anaogopa kukianika juani, anakificha chini ya godoro kikiwa kibichi, kesho anakivaa na unyevu wake. Huko ndiko kunakotoka muwasho na maradhi, na jua lingemkinga. Kenya iliondoa kodi ya sodo mwaka 2004, na mwaka 2017 ikapitishwa sheria ya kuwapa wanafunzi sodo bure. Lakini sheria haiondoi aibu. Mwaka 2019, huko Bomet, msichana wa miaka 14 alijitoa uhai baada ya, kwa mujibu wa familia yake, kuaibishwa darasani kwa ajili ya hedhi yake. Neno "mchafu" linaweza kuua. Kama kuna binti hapa amebeba uchungu wa namna hiyo, asiubebe peke yake. Amwambie mama, shangazi, au ustadhati anayemwamini.

UCHAWI NA DAMU YA WATU

Mtu ataniuliza: kwani wewe unakanusha sihri? La, sikanushi. Qur'ani imeitaja katika Suratul Baqara, na kuifanya ni katika madhambi makubwa. Lakini kuamini kwamba sihri ipo ni jambo moja, na kumnyooshea kidole jirani yako ni jambo jengine kabisa. La kwanza ni itikadi. La pili ni tuhuma, na tuhuma inataka ushahidi. Suratul Hujurat inatuamrisha tujiepushe na dhana nyingi, kwani baadhi ya dhana ni dhambi.

Tazameni dhana inavyotenda. Januari 2001 mwezi ulipatwa, na katika mji wa Maiduguri, kaskazini mwa Nigeria, vijana wa Kiislamu walitoka wakachoma mahoteli na mabaa wakisema mwezi umepatwa kwa ajili ya madhambi yaliyomo humo. Vijana wa umri wetu, wa dini yetu! Mtume alisema ombeni na mswali, wao wakachukua viberiti. Jua lilipokaribia kupatwa Machi 2006, serikali ya Nigeria ililazimika kuwatangazia watu mapema wasifanye fujo tena.

Na kwetu je? Oktoba 2021, huko Marani, Kaunti ya Kisii, wanawake wazee 4 waliuawa na umati kwa tuhuma za uchawi. Kilifi, wazee wamekimbia makwao mpaka kukawa na makao ya kuwahifadhi Kaya Godoma. Ukichunguza, mara nyingi nyuma ya neno "mchawi" kuna shamba ambalo vijana wanalitaka. Kwa majirani zetu Tanzania, upande wa Shinyanga na Mwanza, vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu. Macho yale yamewekundu kwa moshi wa jikoni. Miaka hamsini bibi amekaa mbele ya kuni akiwapikia wale wale, kisha moshi huo ukafanywa ushahidi dhidi yake.

Mnauona mnyororo? Akiwa msichana anaambiwa damu yake ina mkosi. Akiwa mjamzito anafungiwa ndani mwezi ukipatwa. Akizeeka, nywele zikawa nyeupe na macho mekundu, anaitwa mchawi. Ni mwanamke yule yule, na ni hofu ile ile, inambadilishia majina kulingana na umri wake.

TUFANYE NINI?

Kwanza, jua au mwezi ukipatwa, tuwahi msikitini. Swala ni rakaa mbili, na kila rakaa ina rukuu mbili. Wanawake pia, kwani Bi Asma binti Abubakar aliiswali nyuma ya Mtume (S.A.W.) mpaka akakaribia kuzimia kwa urefu wa kisimamo. Aliye katika hedhi ana dhikri, dua na sadaka. Tarehe 2 Agosti 2027 imehesabiwa kuwa siku ya jua kupatwa, na kivuli kinapita Luxor, Jeddah na Makka yenyewe. Sisi Kenya ni sehemu tu ya jua itakayozibwa. Wekeni tarehe hiyo, wafundisheni watoto mapema, asitangulie mpiga ramli.

Pili, kila madrasa iwe na somo la hedhi kwa mabinti kabla hawajaifikia, si baada. Na wavulana wafundishwe adabu yake.

Tatu, usiende kwa mganga kuuliza nani kakuroga. Imepokewa katika Muslim kwamba anayemwendea mpiga ramli akamuuliza kitu, swala zake za siku 40 hazikubaliwi. Tena jina atakalokutajia linaweza kuwa la bibi yako. Tuna Ayatul Kursiyy, tuna Falaq na Naas.

Nne, ukisikia mzee anatuhumiwa mtaani kwenu, usinyamaze. Mwambie imamu, mwambie chifu, kaa naye barazani watu wakuone. Kijana mmoja akikaa na bibi huyo kila jioni, umati unapata tabu kukusanyika.

Suratu Fussilat imetukataza kulisujudia jua na mwezi, ikatuamrisha tumsujudie aliyeviumba. Na kukiogopa kiumbe kwa jambo lisilo mkononi mwake kunafanana na kukisujudia.

Ewe Mola, tukubalie saumu zetu, na wale wanaoidaiwa kwa hedhi na uzazi wafanyie wepesi kuilipa. Wahifadhi mama zetu na nyanya zetu na ndimi zetu na mikono yetu. Tujaalie elimu yenye manufaa. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.